Mimi Nilisikia Kwaya

Kuna duka moja katikati ya London ambalo siwezi tena kupita mbele yake bila kuvuta kofia ya koti mpaka puani, hata kama ni Julai na jua linawaka, na mkiniona nafanya hivyo msiniulize, maana nawaambia hapa hapa niyamalize: mle ndani nilipanda jukwaani nikiwa na namba kifuani, nikashika maikrofoni, nikamshukuru Mungu mbele ya watu waliovaa masikio ya sungura. Aibu hiyo ni yangu, sina wa kumsukumia. Na yote yalianza na bomba la maji.

Mimi ni Mama Glory, wa Moshi, sasa wa Barking, huku huku London, kazi yangu kutunza wazee majumbani kwao, na Jumapili naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa letu la Kiswahili, ambalo hukodi ukumbi wa michezo wa shule (tunasali huku tunanusa raba za watoto, lakini Mungu yupo). Glory ni mwanangu wa pekee, ana miaka kumi na saba, kazaliwa hapa hapa, Kiswahili anakielewa chote mpaka umbeya, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Kwa hiyo maneno yake humu nimewatafsiria mwenyewe, na pale alipoongea Kiswahili nitawaambia, maana siku ile alipoongea Kiswahili nusura nianguke.

Alipokuwa mdogo alikuwa anaimba nasi. Watoto wanasimama mbele, mama zao nyuma, na Glory wangu alikuwa anasimama mbele yangu kabisa, kichwa chake kinafika hapa tumboni, na mahubiri yakirefuka (mchungaji wetu akishika "jambo la mwisho" ujue bado nusu saa) ananiegemea na kusinzia amesimama. Alipofika miaka kumi na mitatu akasema haendi tena. Hakueleza, na mimi kwa hasira sikuuliza vizuri, nikamwambia tu, "Haya, utajuana na Mungu wako," neno la kijinga kabisa kumwambia mtoto, na tangu hapo mazungumzo ya nyumbani kwetu yakabaki umekula, ndiyo, umefunga mlango, ndiyo. Akirudi chuo anajifungia chumbani na cherehani yake. Mimi niko jikoni naisikia inavyokwenda, trrr, trrr, na jamani nakiri, nilikuwa naionea wivu ile cherehani.

Halafu kulikuwa na habari ya sare. Kwaya yetu ina sare ya zamani, kitenge cha kijani chenye ndege wa njano, na mtunza sare ni Mama Elia, mwanamke wa Singida, mrefu, sauti ya kwanza, mdomo kama wembe. Baada ya Pasaka alizikusanya zote kwenda kuzifua, akazirudisha. Yangu nilipokuja kuihitaji nikapekua kabati, nikapekua chini ya kitanda, nikapekua mpaka mfuko wa mifagio, haipo. Sasa badala ya kunyamaza kama mtu mzima, nikasema mbele ya kwaya nzima, "Mama Elia, labda umeichanganya na zako, maana zako huwa nyingi." Weee! Akanigeukia polepole, akasema, "Nilikupa mkononi, Mama Glory. Umesahau kama unavyosahau ubeti wa tatu." Miezi mitatu tukawa tunapeana Bwana asifiwe na amina, basi. Mwishoni nikamwambia kwamba nimemsamehe. Naomba mlikumbuke hilo, kwamba mimi ndiye niliyemsamehe yeye.

Basi, Jumanne moja nipo jikoni naosha mchele, bomba limefunguliwa mpaka mwisho, feni ya juu ya jiko inanguruma, Glory akaja akasimama mlangoni. Kusimama tu pale lilikuwa jambo, maana kwa kawaida hupita. Akasema kitu. Mimi nilichosikia, na ningeapa mahakamani, ni kwamba Jumamosi ana kwaya.

"Kwaya?" nikauliza, mkono uko kwenye mchele.

"Yeah," akasema.

Nikajikaza, nikaendelea kuosha mchele uliokwisha kutakata zamani, maana mtoto wa umri ule ukionyesha furaha anaogopa na kurudi nyuma. Nikauliza kama kwa bahati mbaya tu, mtavaa sare? Akasema ni kama sare, kila mtu lazima apangilie, na vikundi vinafanana. Kuna mashindano? Yapo, kuna na zawadi. Umejiandaa? Akasema yake ameifanyia kazi miezi mitatu. (Nikajisemea, kumbe! Anaimba peke yake ubeti mzima, na mazoezi anafanya na vile vidude vya masikioni ndiyo maana sisikii.) Wapi? Akataja duka la vitu vya Kijapani huko mjini, ghorofa ya juu, na hapo wala sikushangaa, maana kanisa gani la London lina jengo lake? Sisi tuko kwenye raba, wale watakuwa juu ya duka.

"Naweza kuja kukuangalia?"

Akabadilika uso. "Hapana, Mum. Tafadhali. Utanicheka."

Nikamwambia siwezi kumcheka, akasema utanicheka, akaondoka. Na hapo ndipo mwenzenu nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Badala ya kufunga bomba, kumfuata chumbani na kumuuliza vizuri, nilikausha mikono nikachukua simu nikampigia Mama Elia.

"Mtoto amerudi kwenye kwaya!" nikamwambia, na machozi juu.

Mama Elia, pamoja na yote yaliyokuwa kati yetu, akasema, "Tunakwenda wote. Hawezi kusimama mwenyewe." Akaweka na amri: tuvae sare ya kijani, maana mpya ni ya ibada tu, haipandi treni. Alipofika kwenye kijani akasita kidogo, nami nikasita kidogo, kisha nikasema kwa sauti ya mtu aliyeonewa, "Mimi nitatafuta chochote cha kijani." Chochote chenyewe kikawa shati langu la kazini, lile lenye mfuko wa glavu na klipu ya kitambulisho.

Jumamosi tukapanda treni Barking, wanawake sita, watano wamewaka kijani na ndege wa njano kuanzia kilemba mpaka kifundo cha mguu, mimi nimevaa kama nakuja kumpima mtu presha, Mama Elia kapakata hotipoti ya maandazi, mwingine chupa ya chai ya tangawizi, na njia nzima tunapasha sauti kwa kunong'ona mpaka mzungu mmoja akaondoa vidude vyake masikioni asikilize vizuri. Kila nikiangalia sare ya Mama Elia nilikuwa naguna kidogo. Mh. Makusudi, asikie.

Tulipofika, chini ni duka. Limejaa midoli ya manyoya mpaka darini: dubu wenye mashavu ya waridi, sungura waliovaa magauni, na, hili sikulielewa kabisa, mkate. Mkate wa manyoya wenye macho, unatabasamu. Msichana wa duka, nywele zake rangi ya pipi, akatuona, akafungua mdomo, akashika mashavu yake kwa mikono miwili. Akauliza sisi ni kikundi? Nikamwambia kwa Kiingereza changu, ndiyo, kikundi. Kikundi cha nini? Nikajinyoosha, nikalitaja neno lenyewe, kwaya, kwa Kiingereza kile kile. Mwenzangu, akaruka! Akalirudia neno langu mara tatu kwa furaha, akatubandika karatasi za namba kifuani, namba saba wote, akatuonyesha ngazi. Mama Elia akaninong'oneza, "Hawa wanaheshimu kwaya kuliko sisi."

Juu sasa. Juu kulikuwa na wasichana kama hamsini hivi, na wavulana kadhaa, wamevaa, sijui nianzie wapi. Magauni ya marinda juu ya marinda, magagulo yamevimba mpaka huwezi kupita katikati ya watu wawili, soksi za lesi, mawigi ya zambarau, vibanio vya nywele vya strobe... (hata hilo neno silijui, yale matunda mekundu) vimejipanga kichwani kama ishirini, na masikio. Masikio ya paka, ya sungura, ya kitu ambacho sijui. Tukasimama mlangoni na hotipoti yetu.

"Mama Glory," Mama Elia akasema bila kugeuza shingo, "hili ni dhehebu gani?"

"Watakuwa na igizo," nikamjibu. "Safina ya Nuhu."

Akaitikia kwa kichwa akaridhika, na wenzetu wote wakaridhika, mjue basi tulivyokuwa. Namtafuta Glory kwa macho, simwoni. Mara yule wa nywele za pipi kapanda jukwaani, kaita namba saba, watu wamegeuka wote, na Mama Elia, ambaye hajawahi kuonyeshwa jukwaa akalikataa, keshaanza kutembea. Nikapewa maikrofoni niseme kidogo kuhusu mavazi yetu. Sikusema kuhusu mavazi. Nilisema kwamba binti yangu alituacha miaka minne, na mimi mama yake nilikuwa naumia kila Jumapili, na leo amerudi, namshukuru Mungu, yuko humu ndani, Glory, Glory wa mama, uko wapi? Nikapiga na kigelegele. Ukumbi mzima ukasema "Aaah!" na kupiga makofi, Mama Elia akadhani ndiyo ishara, akaanzisha wimbo, na sisi tukaingia, sauti ya kwanza, ya pili, bega kulia, bega kushoto, simu zimenyanyuliwa zote zinatupiga picha, na mimi namba saba na mfuko wangu wa glavu nalia na kucheza.

Katikati ya kiitikio nikamwona.

Alikuwa nyuma kabisa, karibu na ngazi, mkono mdomoni. Kichwani utepe mkubwa umefungwa kipepeo, miguuni soksi nyeupe, na katikati gauni, marinda matatu yamepambwa kwa lesi, mabega yamevimba, kiuno kimekatwa kikakaa sawasawa, gauni zuri ambalo macho yangu yaliona rangi kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Kijani. Ndege wa njano.

Nikaacha kuimba. Mmoja mmoja wakaacha wote. Na kwenye ule ukimya, maikrofoni bado iko mkononi mwangu na bado inasikika, Mama Elia akasema taratibu, kila neno na uzito wake wa miezi mitatu: "Mama Glory. Ile si sare yako?"

Glory akageuka akashuka ngazi mbio.

Nilimfuata. Sikumbuki kama nilirudisha maikrofoni (nasikia sikurudisha, nasikia waliisikia pumzi yangu ngazi nzima). Nilimkuta chini, amekaa sakafuni kwenye kona kati ya dubu na ile mikate, marinda yamemzunguka, analia kile kilio cha kutotaka kutoa sauti. Nikakaa pembeni yake, magoti yakalalamika, nikabaki sijui nianze na lipi, sare, Mama Elia, au masikio ya sungura.

"Umewaambia watu wote kwamba nimerudi kwaya," akasema, kwa Kiingereza.

"Wewe ndiye uliyeniambia."

Akanyanyua uso, wanja umeshuka mpaka mashavuni. Kisha akasema, kwa Kiswahili, polepole, anatafuta kila neno:

"Sikusema kwaya, Mama. Nilisema kawaii."

Mama. Miaka mingapi mimi ni Mum. Nikamuuliza hiyo kawaii ndiyo kitu gani, akajipangusa pua kwa lesi, akatazama ile midoli, akasema ni Kijapani, ni kitu kidogo, kizuri, kitu ambacho ukikiona unataka kukikumbatia, na watu wanavaa hivyo, na yeye anapenda kuvaa hivyo, na chumbani kwake anavaa hivyo muda wote halafu anavua kabla hajatoka kuja kula, kwa sababu mimi nitamcheka. Hilo la mwisho liliniingia. Mtoto anabadilisha nguo ili aje kula wali na mama yake.

"Na kitenge changu?"

Akashika rinda moja akalikunja na kulikunjua. "Nilichukua kabatini. Nilitaka kukuomba. Halafu ukagombana na Mama Elia, nikaogopa. Kila mtu hapa ana kitambaa cha kitu anachopenda. Mimi nilikuwa nalala kwa hii. Kanisani. Nilikuwa nalala hapa," akagusa tumbo langu, palepale kwenye klipu ya kitambulisho. "Sikukuacha wewe, Mama. Niliacha kuimba tu."

Nililia jamani. Nililia mbele ya mikate. Miaka minne nilikuwa nimebeba kwamba mwanangu kanikimbia, kumbe kakimbia nyimbo tu. Nikamvuta, na gagulo lake likagoma, likatusukuma kila mmoja upande wake, ikabidi tucheke, na tukacheka hivyo hivyo na makamasi, mpaka nikaona viatu vya Mama Elia vimesimama mbele yetu.

Nikasimama. Nikamwambia, hapo hapo katikati ya duka, wateja wanapita na vikapu, "Mama Elia, nilikusingizia. Sare ulinipa. Naomba unisamehe."

Aliinama, akashika pindo la gauni la Glory, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na kazi yake Mama Elia kule Singida ilikuwa ushonaji, mjue. "Nani kakufundisha kukata mabega hivi?"

"YouTube, Aunty," Glory akasema kwa woga.

"Ndege wote wanatazama upande mmoja," Mama Elia akasema. "Mimi nilipowakatia hizi sare, wa kwangu wengine walikaa miguu juu." Ndipo akanigeukia. "Wewe utaniomba msamaha kesho kanisani, kwa maikrofoni, kama ulivyozoea. Sasa twendeni juu, wanatuita. Wanasema sisi na huyu mtoto ni kundi moja, ila mmoja wetu hafanani."

Nikaangalia. Wale wanne wameshuka nusu ngazi, kijani na ndege, Mama Elia kijani na ndege, Glory kijani na ndege, na mimi hapa na mfuko wa glavu. Miezi mitatu nailalamikia sare, na kati ya watu wote mle ndani asiyekuwa nayo ni mimi tu. Glory akafungua ule utepe mkubwa kichwani kwake, akanigeuza kama mimi ndiye mtoto, akanibana nao pembeni ya nywele, akarudi hatua moja nyuma kutazama.

"Kawaii," akasema.

Tukapanda. Tulipata nafasi ya tatu (wa kwanza walikuwa mapacha waliovaa keki), na zawadi ikawa mkate wa manyoya, ambao Mama Elia ameuweka kwenye kabati la sare na anasema ndio mlinzi. Maandazi yaliisha dakika tano, masikio ya sungura yanakula vizuri sana. Jumapili niliomba msamaha kwa maikrofoni, na mchungaji naye akapata jambo la mwisho la kuhubiri, nusu saa. Glory hakuja kanisani siku hiyo na mimi sikumwambia chochote kuhusu Mungu wake. Alikuwa na wateja: wale wanne kila mmoja kamletea kitenge, wanataka mabega.

Nimejiwekea sharti moja tu baada ya yote yale. Juzi Jumanne nilikuwa naosha mchele tena, feni inanguruma, nikahisi mtu mlangoni. Nikazima feni. Nikafunga bomba mpaka tone la mwisho. Nikakausha mikono, nikageuka, nikamtazama, amevaa marinda yake na soksi zake, amekuja kula hivyo hivyo.

"Mbona umefunga?" akauliza, kwa Kiswahili. "Sijasema kitu."

"Najua," nikamwambia. "Nasubiri."